Koili, utambi na majimaji: mama ajue nini kuhusu sigara ya kielektroniki ya kuunda kwa mkono

Labda umekuta, ukifagia chumba cha kijana wako, kikopo cha plastiki chenye vitu usivyovielewa: waya mwembamba ulioviringwa kama springi ya kalamu, fundo la pamba nyeupe, bisibisi ndogo ya fundi saa, betri nene kuliko ile ya redio, na kichupa cha majimaji yanayonukia embe au peremende. Ukadhani ni vifaa vya kutengenezea simu. Huenda ni kweli. Lakini waya, pamba, betri na kichupa chenye harufu tamu vikikutwa pamoja, mara nyingi ni vipande vya sigara ya kielektroniki ambayo mtumiaji huiunda mwenyewe. Vijana huiita vepu.

Makala hii ni kwa ajili ya mama, bibi, shangazi na kila anayelea watoto huku Issenye, Natta, Mugumu na upande wa Tarime. Inaeleza kifaa hicho ni nini, kinaundwaje, na madhara yake yanaingia nyumbani kupitia mlango upi. Kama umefungua ukurasa huu kwa sababu mtoto ameonja au kumwagikiwa majimaji hayo sasa hivi, usisome mengine. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu yenye kichwa "Mtoto akinywa au akimwagikiwa".

Ni koroboi isiyo na mwali

Anayeijua koroboi ameshakielewa kifaa hiki nusu. Koroboi ina kopo la mafuta ya taa na utambi wa pamba. Chini utambi umelowa, juu kuna moto, na moto unapokausha ncha ya juu, pamba hupandisha mafuta mengine. Sigara ya kielektroniki inafanya kazi hiyohiyo. Mahali pa mafuta ya taa pana majimaji yenye nikotini. Utambi ni pamba. Mahali pa mwali pana waya unaopashwa moto na betri, ule ulioviringwa kama springi, ambao huitwa koili. Mtumiaji anabonyeza kitufe, koili inapata moto, majimaji yaliyo ndani ya pamba yanageuka kuwa ukungu mzito, naye anauvuta kifuani.

Kifaa cha namna hii kilibuniwa na mfamasia wa China, Hon Lik, mwaka 2003, na mwaka uliofuata kikaanza kuuzwa nchini humo. Zile zinazouzwa kwa wingi leo zimefungwa kiwandani: zikiisha zinatupwa. Aina tunayoizungumzia hapa ni nyingine. Kichwa chake kinafunguka, na koili na utambi hubadilishwa kwa mkono kila baada ya siku kadhaa. Wanaoipenda wanasema ni rahisi kwa gharama na inatoa moshi mwingi. Hilo la moshi ndilo linalowavuta vijana zaidi, kwa kuwa ni mchezo wa kuonyeshana.

Jinsi inavyoundwa

Tunaeleza hatua zake ili ukiona jambo ujue unaona nini, na ili ujue ni wapi panapoharibika.

Mtu huchukua waya maalumu wa kupashia joto. Unaotumika sana ni Kanthal, mchanganyiko wa chuma, kromiamu na alumini. Mwingine ni nikromu, wa nikeli na kromiamu, ndugu wa ule uliomo ndani ya jiko la umeme la koili na baadhi ya pasi. Unene wake ni kama nusu milimita au chini ya hapo. Anauzungusha kwenye kijiti cha chuma chenye upana wa milimita 2.5 au 3, mizunguko mitano hadi minane, kisha anazibana ncha mbili za waya kwa skrubu kwenye nguzo mbili ndogo ndani ya kichwa cha kifaa. Nguzo moja inakwenda upande chanya wa betri, nyingine upande hasi.

Hapo panakuja hesabu ambayo wengi wanairuka. Kila waya una ukinzani, yaani kiasi unachouzuia umeme usipite kwa wingi, na hupimwa kwa omu. Waya wa Kanthal wa milimita 0.4 ukizungushwa mara saba kwenye kijiti cha milimita 3 unatoa karibu omu 1. Betri iliyojaa ina volti 4.2. Gawanya volti kwa omu, utapata ampea 4 na kidogo, kiasi ambacho betri nzuri inakimudu. Akiweka koili mbili kama hizo sambamba, ukinzani unashuka hadi nusu omu na umeme unaongezeka hadi ampea 8 na zaidi. Akipunguza mizunguko ili apate moshi mwingi, umeme unazidi tena. Na ncha ya waya iliyosahaulika kukatwa ikigusa ukuta wa kifaa, hapo hakuna ukinzani tena. Ni shoti. Umeme wote wa betri unatoka kwa mpigo. Ndiyo maana watu wazima wanaofanya kazi hii kwa uangalifu huwa na kipimo kidogo cha omu, na hawaweki betri kabla ya kupima. Kijana aliyejifunza kwa video kwenye simu, tena simu ya kuazima, mara nyingi hana kipimo hicho.

Akishafunga koili anaiwasha kavu kwa muda mfupi hadi iwe nyekundu kuanzia katikati, anaibana kwa kibano ili mizunguko ikae sawa, kisha anaiacha ipoe. Ukiona nukta nyekundu ikiwaka gizani chumbani kwa kijana na hakuna harufu ya tumbaku, huenda ni hatua hii.

Kisha utambi. Anasokota kipande cha pamba, anakipitisha ndani ya koili kama unavyopitisha uzi mnene kwenye tundu la sindano ya gunia, anakata pande zote mbili na kulaza mikia yake kwenye kikombe kidogo cha majimaji chini ya koili. Ufundi wote uko kwenye kiasi cha pamba. Ikibanwa sana, majimaji hayapandi, koili inakauka na pamba inaungua. Ikiwa chache, majimaji yanafurika, yanavuja mfukoni, na matone ya moto yanaruka hadi ulimini. Kisha anailowesha pamba yote kabla ya kuwasha. Asiyeilowesha vizuri anavuta moshi wa pamba inayoungua, mkali kiasi cha kumtoa machozi na kumkohoza usiku kucha.

Pamba ya shambani na waya wa fensi

Vifaa halisi vinauzwa madukani mijini na kwa njia ya mtandao, na bei yake si ya mtoto wa shule. Penye uhaba watu hubuni, na huku kwetu malighafi ziko mlangoni. Wilaya za Serengeti na Bunda zinalima pamba. Kijana anaweza kuona hakuna tofauti kati ya pamba ya chumba cha kuhifadhia mavuno na ile ya duka la dawa. Ipo tofauti. Pamba mbichi ina nta ya asili inayoizuia isinywe maji. Ile ya duka la dawa imechemshwa na kusafishwa ili nta hiyo itoke. Utambi wa pamba mbichi unakauka na kuungua upesi. Zaidi ya hapo, zao la pamba hupigwa dawa za wadudu, na mabaki ya dawa hizo yakipashwa moto na kuvutwa kifuani hayachujwi na chochote.

Waya nao ni vivyo hivyo. Waya wa fensi na wa kufungia mabati umepakwa zinki. Mafundi wa kuchomelea wanaijua homa inayowapata wakichoma bati lenye zinki bila hewa ya kutosha: jioni wanatetemeka kwa baridi, kifua kinabana, mdomo una ladha ya chuma, na mtu anadhani ni malaria. Koili ya waya wa namna hiyo inaweza kuleta hali hiyohiyo. Waya wa shaba kutoka nyaya za umeme ni hatari ya aina nyingine, maana ukinzani wake ni mdogo mno na unaelekea kwenye shoti. Betri za kopo la duara zinazotolewa kwenye kompyuta mbovu au tochi za sola nazo hutumika, ilhali hakuna anayejua zimebakiwa na uwezo gani.

Kama kijana wako ana mikono ya ufundi, hilo ni jambo jema na usilikanyage. Tutalirudia.

"Ni mvuke wa maji tu"

Hilo ndilo jibu utakalopewa, nalo si kweli. Ndani ya kichupa hamna maji ya kutajwa. Kuna propilini glaikoli, glisirini, vionjo vya matunda au peremende, na mara nyingi nikotini, ambayo kwa sehemu kubwa hutolewa kwenye majani ya tumbaku. Glisirini huchemka kwenye nyuzi 290. Koili ikizidi joto, au utambi ukikauka, vitu hivyo vinavunjika na kutoa sumu kama fomaldihaidi na akrolini. Pamba yenyewe huanza kubabuka kabla glisirini haijachemka, na kinachoizuia isiungue ni kule kulowa tu.

Waya nao unachangia. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichunguza vifaa vya watumiaji 56 vyenye tangi la kujaza. Walipima majimaji kwenye chupa kabla ya kutumika, kisha ukungu uliotoka baada ya kupita kwenye koili. Katika ukungu walikuta nikeli, kromiamu, manganizi na risasi kwa viwango vya juu kuliko ilivyokuwa kwenye chupa. Risasi hapa ni ile metali inayodhuru ubongo wa mtoto.

Mwaka 2019 Marekani ilipata mlipuko wa ugonjwa wa mapafu kwa watumiaji wa vifaa hivi. Hadi Februari 2020 watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufariki, na vifo vilivyothibitishwa vilikuwa 68. Chanzo kikuu kilichotajwa ni mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye majimaji ya bangi, mengi yakiwa yamenunuliwa mitaani. Hatusemi kwamba kila kichupa kina mafuta hayo. Tunasema kwamba kichupa kisicho na lebo ya kueleweka hakuna anayejua kina nini, wala muuzaji.

Kuna la upande wa pili, na si haki kulificha. Mtu mzima aliyekuwa akivuta sigara za kawaida kwa miaka na akaziacha kabisa kwa kuhamia kwenye kifaa hiki, anaingiza sumu chache kuliko za awali. Utafiti unaonyesha hivyo, na wapo waliosaidika. Lakini hoja hiyo ni ya mvutaji mzoefu anayetaka kutoka. Kijana wa miaka kumi na tano ambaye hajawahi kuvuta hana anachokitoka. Anaingia tu.

Nikotini tunaijua

Tarime na Serengeti kuna familia ambazo zimelima tumbaku. Aliyevuna majani asubuhi yakiwa na umande anajua kilichompata: kichwa kuzunguka, kichefuchefu, kutapika, jasho jembamba, na usingizi mbovu usiku. Wengi walidhani ni jua au njaa. Ni nikotini, iliyotoka kwenye jani bichi ikapita kwenye ngozi iliyolowa. Watoto hupata shida hiyo upesi zaidi kwa sababu miili yao ni midogo.

Sasa fikiria nikotini hiyohiyo ikiwa imekamuliwa, ikawekwa kwenye kichupa kinachoingia kwenye kiganja, ikatiwa harufu ya embe. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka ukomo wa miligramu 20 kwa kila mililita. Kwingine zinauzwa zenye 50. Kijiko kimoja cha chai ni mililita 5. Kwa hiyo kijiko cha majimaji ya miligramu 20 kina nikotini miligramu 100. Mvutaji wa sigara ya kawaida hupata mwilini miligramu 1 hadi 2 kwa sigara moja. Kiasi kidogo sana kuliko kijiko hicho kinatosha kumfikisha mtoto mdogo hospitali.

Jambo hili limeshaua. Desemba 2014 mtoto wa mwaka mmoja alifariki katika jimbo la New York baada ya kumeza majimaji ya nikotini. Januari 2016 Marekani ikapitisha sheria ya kulazimisha vichupa hivyo viwe na vifuniko ambavyo mtoto hawezi kufungua. Kichupa kilichojazwa upya nyumbani, au majimaji yaliyohamishiwa kwenye chupa ya dawa ya macho au ya soda, hakina kifuniko hicho.

Mtoto akinywa au akimwagikiwa

Usisubiri dalili. Mtoe mbali na majimaji, mpanguse midomo na kinywa kwa kitambaa chenye maji. Nguo iliyolowa ivuliwe mara moja, na ngozi ioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Wewe mwenyewe osha mikono, maana inapita kwenye ngozi yako pia. Yakiingia machoni, mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 15.

Usimtapishe. Usimtie kidole kooni, usimpe maji ya chumvi, mafuta ya kula wala mayai mabichi. Na maziwa? Tunajua kwenye nyumba yenye ng'ombe hilo ndilo la kwanza kukimbiliwa. Maziwa hayaondoi nikotini. Mtoto anayelegea akilazimishwa kunywa, maziwa yanaweza kwenda mapafuni. Acha.

Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Mugumu au Tarime kama ndiyo unayoifikia upesi. Chukua kichupa uende nacho, hata kama ni kitupu na hata kama unaona aibu. Mhudumu akiona idadi ya miligramu kwenye lebo ataanza kazi haraka. Mwambie ukweli: kiasi gani, saa ngapi, uzito wa mtoto kama unaujua kwenye kadi ya kliniki. Unaweza kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya bure kuomba ushauri ukiwa njiani, lakini usikae nyumbani ukisubiri simu ipokelewe.

Dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa moja hivi. Kwanza mtoto anatapika, mate yanamjaa, anatoka jasho, anapauka, moyo unakwenda mbio, anahangaika. Kisha mambo yanageuka: analegea, anasinzia, mapigo ya moyo yanapungua, anaweza kupata degedege, na pumzi inakuwa hafifu. Mabadiliko hayo humdanganya mlezi. Mtoto aliyekuwa analia na kutapika akinyamaza ghafla na kulala, si kwamba amepata nafuu. Mlaze kwa ubavu, usimwekee kitu kinywani akipata degedege, na ongeza mwendo.

Kama ni msimu wa mvua na barabara imeharibika, au ni usiku, panda pikipiki mkiwa watu wawili pamoja na dereva: mmoja ambaye kazi yake ni kumshika mtoto na kumtazama pumzi, si kumfunga mgongoni ambako hamumwoni.

Betri

Betri inayotumika sana ina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ikiwa nzima na imewekwa vizuri haina neno. Ikichubuka plastiki yake ya nje, ikichanganyika mfukoni na funguo au sarafu, ikichajiwa kwa chaja isiyo yake, au koili ikiwa na shoti, inapata moto hadi kulipuka. Marekani ina vifo viwili vinavyojulikana vya vifaa hivi kulipuka usoni, kimoja Florida mwaka 2018 na kingine Texas mwaka 2019. Vifaa vyenye hatari zaidi ni vile vya bomba la chuma lisilo na saketi ya kukata umeme: kitufe kikibonyezwa, betri na koili vinaungana moja kwa moja, na hakuna cha kusimamisha shoti.

Betri ikianza kuwa ya moto mkononi, kutoa mlio wa kupuliza au harufu kali ya kemikali, itupeni nje kwenye udongo mtupu, mbali na nyasi za paa na mazizi, na watoto wasiisogelee. Aliyeungua amwagiwe maji ya kawaida, safi, kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali na mafuta vinafungia joto ndani na kumsumbua mhudumu kusafisha kidonda. Funika kwa kitambaa safi, muende kituoni. Asichaji betri usiku kitandani, hasa kwenye nyumba ya nyasi au chini ya chandarua.

Kwa mjamzito na anayenyonyesha

Nikotini inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Inagusa ubongo na mapafu yanayotengenezwa. Haijalishi imetoka kwenye sigara, ugoro au kichupa chenye harufu ya embe. Inapita pia kwenye maziwa ya mama. Kama wewe ndiye unayetumia, sema kliniki bila woga; mhudumu anahitaji kujua ili akusaidie kuacha. Usiache kunyonyesha kwa sababu hiyo. Acha nikotini, na kama bado hujaweza, tumia baada ya kunyonyesha na mbali na mtoto, ukibadili nguo ya juu na kuosha mikono kabla ya kumshika. Kama ni mume au shemeji anayetumia, avutie nje kabisa. Mlangoni hapatoshi.

Kuzungumza na kijana

Ukimkuta na kikopo kile, hamu ya kwanza ni kukitupa shimoni na kumwita baba yake. Tunakushauri uketi kwanza. Kijana aliyekwisha pita jando hapendi kusemeshwa kama mtoto mbele ya wadogo zake, na ukianza hivyo ataficha vizuri zaidi. Akificha, kichupa kinahamia kwenye sakafu ya chumba, chini ya kitanda, mahali ambapo mtoto wa miaka miwili anafika kabla yako. Kwa hiyo lengo la siku ya kwanza ni moja tu: majimaji yatoke mahali pa watoto.

Mwite peke yake. Mwambie umekuta nini, na umwombe akueleze kinavyofanya kazi. Sikiliza. Atashangaa ukimwuliza koili yake ni omu ngapi, na alipata wapi pamba. Asipojua omu, hapo una mlango: "Mwanangu, unaweka betri karibu na meno yako na hujui inatoa umeme kiasi gani?" Swali hilo lina nguvu kuliko kutajiwa saratani ya miaka arobaini ijayo. Kama hakusikii wewe, mjomba au binamu mkubwa anayemheshimu anaweza kusikika, mradi asiwe mvutaji mwenyewe.

Mwulize pia anavuta mara ngapi, na kama anavuta kabla hajanawa uso asubuhi. Anayevuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka ameshanaswa, na kuacha kwake kutakuwa na siku ngumu: hasira, kukosa usingizi, njaa, kushindwa kutulia darasani. Siku tatu za kwanza ndizo mbaya zaidi. Baada ya wiki mbili hadi nne hali hutulia. Ukijua hivyo hutachukulia hasira zake kama ukaidi. Vibandiko na jojo za nikotini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ila hazipatikani kila kituo, na kwa aliye chini ya miaka 18 ni mhudumu wa afya anayeamua. Kama mnahitaji mtu wa kuzungumza naye, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure.

Na ile mikono ya ufundi: anayeweza kusokota koili ya mizunguko saba iliyonyooka anaweza kutengeneza redio, pasi na taa za sola. Fundi wa umeme pale sokoni huenda anatafuta msaidizi wa siku za mapumziko.

Kuhusu sheria, Tanzania ina Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, inayokataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, na mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku shisha. Uganda ilienda mbali zaidi: sheria yake ya mwaka 2015 imekataza sigara za kielektroniki zenyewe. Mwenye duka anayemuuzia mtoto wako vichupa hivi anaweza kufikishwa kwa mtendaji wa kijiji.

Kukiondoa nyumbani

Majimaji yaliyobaki yasimwagwe kwenye kisima, lambo la mifugo wala jalalani ambako kuku na watoto wanachokonoa. Acha kichupa kikiwa kimefungwa, kitie ndani ya kopo lenye kifuniko, ukipeleke kituo cha afya na kuwauliza wakitupe pamoja na taka zao za dawa. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi unapokigusa. Pamba iliyotumika ina nikotini bado, nayo iingie kwenye kopo hilohilo, kwa sababu mtoto anayetambaa huiokota na kuinyonya. Betri isitupwe motoni wala kwenye shimo la taka linalochomwa. Izibe ncha zote mbili kwa gundi ya karatasi au ya umeme, uiweke mahali pakavu, na uipeleke kwa fundi simu unayemwamini mjini. Ile waya iliyoviringwa ikishapoa haina sumu ya kuogopwa, ila ni ndogo na ina ncha kali, kwa hiyo usiiache sakafuni.